Kumwandaa kijana na familia yake kabla ya mnasihi: semina, ziara au simu?

Programu nyingi za unasihi humpa mnasihi (menta, kama wengi wanavyomwita) saa kadhaa za mafunzo kabla hajakutana na kijana. Anafundishwa kusikiliza, kuweka mipaka, kulinda usalama wa mtoto, na la kufanya kijana akinyamaza. Kijana mwenyewe hupewa tarehe. Mzazi hupewa fomu ya ridhaa na kalamu. Kisha wote watatu wanaingia kwenye uhusiano mmoja, mmoja akiwa amefunzwa na wawili wakibahatisha.

Gharama ya kubahatisha inajulikana. Mwaka 1995 ulichapishwa nchini Marekani utafiti uliofuatilia vijana 959 wa shirika la Big Brothers Big Sisters, wenye umri wa miaka 10 hadi 16. Nusu yao waliunganishwa na wanasihi, nusu wakabaki kwenye orodha ya kusubiri kwa miezi 18. Waliounganishwa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na takwimu hiyo imetembea kwenye vipeperushi kote duniani. Kisichotembea sana ni kile ambacho Jean Grossman na Jean Rhodes walikiona mwaka 2002 walipozipitia upya data zile zile kwa jicho la muda. Faida kubwa ilikuwa kwa vijana ambao uhusiano wao ulidumu mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika imani yao juu ya uwezo wao wa masomo, kuliko hata wenzao ambao hawakupata mnasihi kabisa. Yaani kumpa kijana mnasihi kisha uhusiano ukafa mapema kunaweza kuwa kubaya kuliko kutompa.

Kwa nini unakufa? Renée Spencer aliwahoji watu wazima na vijana ambao uhusiano wao ulivunjika, na mwaka 2007 akaeleza sababu walizozitaja. Kuna mmoja kumtoroka mwenzake. Kuna matarajio ambayo hayakutimia, familia kuingilia, mnasihi kukosa stadi za mahusiano, na shirika kutotoa msaada wa kutosha. Hakuna maandalizi yatakayomzuia mnasihi kuhama mji. Lakini matarajio na familia ni mambo ya kuzungumzwa mapema, na hapo ndipo ninapoipima kila njia nitakayoitaja: je, inamfanya kila mmoja aseme anachotarajia na anachoogopa kabla hakijageuka kuwa lawama? Njia inayotoa habari tu, hata ikiwa habari nzuri, haijapita kipimo hicho.

Semina, ziara au simu

Semina elekezi ndiyo njia inayopendwa na waratibu, na sababu iko wazi. Mratibu mmoja, alasiri moja, familia thelathini. Wote wanasikia kanuni zile zile kwa maneno yale yale, kwa hiyo baadaye hakuna wa kusema "mimi sikuambiwa". Kijana anawaona vijana wengine wa kawaida kabisa waliojiandikisha, na wazo kwamba mpango huu ni wa walioshindikana linapungua bila mtu kuhubiri. Faida hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo inayonifanya nisiitupe semina.

Shida yake ni kwamba ukumbini watu huuliza maswali ya ukumbini. Wataulizana saa ngapi, wapi, nani analipa nauli. Mama anayejiuliza kama huyu mgeni atampokonya nafasi yake kwa mwanawe hanyanyui mkono mbele ya watu sitini. Baba anayeogopa kwamba kinachosemwa hapa kitafika ofisi ya ustawi wa jamii naye hanyanyui. Na familia zinazohitaji maandalizi kuliko zote ndizo zinazokosekana siku hiyo: mwenye zamu ya kazi, mwenye mgonjwa, mwenye historia mbaya na ofisi na vyeo.

Ziara ya nyumbani inatoa kile ambacho semina haiwezi. Mratibu anakaa na familia moja, na mara nyingi katika dakika ishirini za kwanza anagundua kwamba aliyesaini fomu si yule anayeamua. Ni bibi. Au ni kaka mkubwa. Au ni mjomba asiyeishi pale lakini lisilompendeza halifanyiki. Mtu huyo asipoandaliwa, uhusiano utasimama wiki ya nne bila mtu kujua sababu. Semina haitakuonyesha bibi huyo. Ziara itakukalisha naye.

Lakini ziara ina uzito wake. Kila familia inakula saa moja au mbili, bila kuhesabu safari. Familia nyingine huiona ziara kama ukaguzi, wakajipanga, wakasema yale wanayodhani mgeni anataka kusikia. Nyumba nyingine hazina pembe ambayo kijana anaweza kuzungumza bila kusikika. Dawa yake si ngumu: piga simu kwanza, waulize wangependa kukutania wapi, na kama si nyumbani basi kwenye ukumbi wa ibada, darasani baada ya masomo au chini ya mti. Ukifika, acha fomu kwenye mkoba mpaka mazungumzo yaishe. Mratibu anayeanza na fomu anapata majibu ya fomu.

Kuhusu simu na mtandao nitatenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa. Video fupi au ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp ni tangazo. Unamfikia mzazi wa zamu ya usiku, anaweza kuusikiliza mara tatu, na unafaa kwa kukumbusha. Haukuambii kama umesikilizwa wala umeeleweka, na simu ya nyumbani ikiwa moja, ujumbe wa mzazi anausikia kijana kwanza. Simu ya kuongea, mtu kwa mtu, ni jambo jingine kabisa. Wazazi wengine husema kwenye simu yale ambayo wasingesema ana kwa ana, kwa sababu hawaonekani nyuso zao. Ningekuwa na dakika ishirini tu na mzazi, ningezitumia kumpigia, si kumtengenezea video.

| | Inachofanya vizuri | Inapokwama | Mzigo kwa mratibu |
|---|---|---|---|
| Semina kubwa | Kanuni kwa wote. Kijana haoni aibu | Hofu hazisemwi. Wahitaji zaidi hawaji | Mdogo |
| Kikundi cha familia tano au sita | Watu huanza kusema | Inahitaji watu wawili wa kuendesha | Wa kati |
| Ziara | Unamjua anayeamua | Huonekana kama ukaguzi | Mkubwa |
| Simu ya kuongea | Mzazi asiyepatikana mchana | Kijana husahaulika | Mdogo |
| Video, ujumbe wa sauti | Kukumbusha | Peke yake haitoshi | Mdogo sana |

Safu ya pili ya jedwali, ile ya kikundi kidogo, ndiyo ninayoipendekeza kwa programu isiyojua ianzie wapi. Familia tano zikikaa duara, mmoja akisema "mimi naogopa ataanza kumnunulia vitu nisivyoweza kumnunulia", wengine wanne wanapumua. Hilo halitokei ukumbini. Ziara ibaki kwa vijana wenye mzigo mkubwa zaidi: anayelelewa nje ya familia yake, aliyepita mikononi mwa polisi au mahakama, aliyefiwa karibuni, na hasa aliyewahi kuwa na mnasihi akatoweka. Huyu wa mwisho usimpeleke semina hata kidogo. Ameshasikia ahadi zote.

Pamoja au kando

Hili ndilo chaguo ambalo programu hulipita haraka, nami ndilo ninalolipa uzito kuliko yote.

Kumwandaa kijana na mzazi pamoja kuna hoja nzuri. Wanasikia jambo moja, hakuna siri, mzazi haoni kwamba mtoto wake anafundishwa mambo pembeni. Lakini muulize kijana wa miaka 13 mbele ya mama yake, "Unataka nini kwa mnasihi?" Atamtazama mama, kisha atasema anataka kusaidiwa masomo. Mama ataridhika. Mratibu ataandika "masomo". Mnasihi atakuja na vitabu, na kijana ambaye alitaka tu mtu wa kutembea naye na kucheka atakuwa amepata mwalimu wa ziada asiyemwomba. Mwezi wa pili ataanza "kuumwa" kila siku ya kukutana.

Kuwaandaa kando kunatibu hilo, ila kunazaa jingine: kila mmoja anatoka na picha yake, na mzazi anabaki akijiuliza mwanawe amesema nini kule. Kwa hiyo ninapolazimika kuchagua kati ya hizo mbili nachagua kando, lakini nikiweza naziunganisha: dakika kumi pamoja, dakika ishirini au zaidi kando, kisha pamoja tena. Kipande cha mwisho ndicho wengi wanakikata kwa haraka ya kwenda, na ndicho ambacho kijana anapata nafasi ya kusema mbele ya mzazi lile ambalo ameshalisema kando na kuona kwamba halikumletea balaa.

Kando na kijana, swali la kwanza liwe, "Ulisikiaje habari za mpango huu, na ulipoambiwa uliwaza nini?" Kila kijana anajiuliza kwa nini amechaguliwa yeye, na asipojibiwa anajijibu: nimeshtakiwa, nimeonekana mbovu, nyumbani wamenichoka. Usimjibu kwa sifa za uongo. Kama alipendekezwa na mwalimu kwa sababu ya utoro, mwambie hivyo, na mwambie pia kwamba mnasihi haji kuhesabu mahudhurio. Kisha umwambie jambo ambalo vijana wengi hawajawahi kuambiwa na mtu mzima: ana haki ya kukataa. Anaweza kukutana naye, asimpende, aseme. Ridhaa ya mzazi ni sharti. Ya kijana nayo iwe sharti, si pambo. Na mfundishe namna ya kusema, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu "ukiwa na tatizo niambie" haimsaidii mtoto aliyelelewa kutomjibu mkubwa. Fanyeni mazoezi. Wewe uwe mnasihi aliyechelewa kwa mara ya pili, yeye akuambie ilivyomuuma. Atacheka kwanza. Baada ya kucheka atasema.

Afundishwe pia kwamba ukimya wa mwanzo ni wa kawaida. Vijana wengi wakikutana na mnasihi mara mbili tatu bila mazungumzo ya maana hudhani wameshindwa, na mnasihi naye anadhani hivyo hivyo kuhusu nafsi yake. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na wote wawili wanahesabu dakika.

Kando na mzazi, usiulize "unatarajia nini?" Utapata hotuba. Uliza, "Ungependa mnasihi asifanye nini na mwanao?" Hapo mambo yanatoka: asimrudishe usiku, asimpe fedha, asimpeleke kwenye ibada isiyo yetu, asimweke picha mtandaoni, asije kunisema kwa majirani. Hayo ndiyo mambo yanayovunja uhusiano, na yote yanaweza kuandikwa na kumfikia mnasihi kabla hajafika. Mzazi aliyesikilizwa kuhusu asichokitaka hulegea kuhusu mengine.

Kuna jambo moja la kumwambia mzazi waziwazi, hata kama linamchukiza: mkutano na mnasihi usitumike kama adhabu. "Hukuosha vyombo, Jumamosi huendi" ni sentensi inayotoka kirahisi katika nyumba yenye adabu, na inafanya kazi, kwa sababu kijana anapenda kwenda. Lakini mnasihi anayekuta miadi imefutwa mara tatu mfululizo anaanza kudhani hatakiwi, naye anajitoa. Mwombe mzazi achague adhabu nyingine. Wengi hukubali wakielezwa sababu. Hawakuwa na nia mbaya, hawakuwa wameambiwa tu.

Halafu kuna siri, na hili lisemwe wakiwa pamoja, kwa maneno mamoja. Yale ambayo kijana atamwambia mnasihi hayatarudi nyumbani kama ripoti. Yatavuka mpaka huo iwapo tu kijana anadhuriwa, yuko katika hatari ya kujidhuru au anakusudia kumdhuru mwingine, na hapo mnasihi atamwambia mratibu, si kwamba "huenda" atamwambia. Ukilisema kwa kijana peke yake, mzazi atakapogundua atahisi amezungukwa. Ukilisema kwa mzazi peke yake, kijana atadhani mnasihi ni jasusi wa nyumbani. Sehemu hii haina njia mbili za kulinganisha.

Anayeona kwamba kumshirikisha mzazi ni hisani tu akumbuke kazi ya David DuBois na wenzake ya mwaka 2002, iliyokusanya tathmini 55 za programu za unasihi. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na matokeo bora zaidi kulikuwa na utaratibu wa kuwahusisha na kuwasaidia wazazi, sambamba na mafunzo endelevu kwa wanasihi, shughuli zilizopangwa, na matarajio ya wazi kuhusu watu wakutane mara ngapi.

Mnasihi wa kupangiwa au wa kuchaguliwa na kijana

Hapa maandalizi yanabadilika kabisa, na ajabu ni kwamba programu nyingi hutumia karatasi ile ile kwa zote mbili.

Kwa mnasihi wa kupangiwa, kijana na familia wanamwandalia nafasi mtu wasiyemjua. Maswali ni ya usalama na ya kuaminiana: nani amemchunguza, ametoka wapi, mzazi atakutana naye lini. Jibu langu kwa hilo la mwisho ni: kabla kijana hajabaki naye peke yake, bila kisingizio. Hofu ya familia hapa ina haki yake, na mratibu asiipooze kwa tabasamu. Aeleze uchunguzi wenyewe: marejeo yaliyoulizwa, rekodi ya polisi iliyoangaliwa, mahojiano yaliyofanyika, na nini kinamkatalia mtu kuingia. Mzazi na kijana waelezwe pia dalili za mtu mzima asiye salama: anayetaka siri, anayetoa zawadi na kusema "usiwaambie nyumbani", anayebadilisha mahali pa kukutania bila kumpa mratibu taarifa. Kijana anayezijua dalili hizo analindwa zaidi ya yule aliyeambiwa tu kwamba mnasihi wake ni mtu mwema.

Njia ya pili ni kijana kumtaja mwenyewe mtu anayemjua tayari, mwalimu wa zamani, shangazi wa rafiki, kocha, na programu ikamchunguza na kumfunza. Mpango wa National Guard Youth ChalleNGe wa Marekani, unaowapokea vijana wa miaka 16 hadi 18 walioacha shule, unatumia mtindo huu. Sarah Schwartz na wenzake waliuchunguza na mwaka 2013 wakaripoti kwamba uhusiano ulielekea kudumu zaidi pale kijana alipomchagua mnasihi mwenyewe kuliko pale wazazi au wafanyakazi wa programu walipomsaidia kuchagua. Kwa hiyo maandalizi ya njia hii kwa mzazi ni kazi ya kujizuia. Mzazi ana haki ya kumkataa mtu ambaye ana sababu ya kumkataa. Hana haki ya kupendekeza mbadala kabla kijana hajafikiri. Na kwa kijana, kazi ni kumsaidia kufikiri ni nani na kumfundisha kuomba. Kumwomba mtu mzima "niwe nakuja kwako" ni jambo gumu kuliko tunavyokumbuka. Mpe njia: atumie ujumbe, au aende na mratibu, au amwandikie barua.

Faida yake nyingine ni kwamba mtu huyu hatoweki programu ikifungwa. Hasara yake ni kwamba kijana asiye na mtu mzima yeyote karibu, ambaye ndiye anayehitaji zaidi, anakaa na karatasi tupu, na kumwambia "taja watu watatu" kunaweza kumuumiza. Kwa kijana huyo rudi kwenye njia ya kwanza, tena bila kumfanya aone ameshindwa mtihani.

Kupitia shule au nje ya shule

Nitasema kidogo tu. Unasihi wa shuleni ni rahisi kuuandaa upande wa kijana, maana yuko pale pale, na karibu hauandai familia kabisa. Mzazi anasaini karatasi iliyoletwa na mtoto, mara nyingine bila kuisoma. Programu ikiwa ya shule, basi ile simu ya dakika ishirini si ya hiari tena. Na elewa mipaka yake: utafiti wa Carla Herrera na wenzake wa vijana 1,139 uliona maendeleo ya kiasi katika masomo mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa unasihi wa shuleni, nayo hayakubaki mwaka uliofuata. Mzazi aliyeahidiwa alama nzuri za kudumu ameahidiwa kisichokuwepo, na ni afadhali aambiwe mapema.

Mara moja au kidogo kidogo

Maandalizi yote yakimalizika kabla ya mkutano wa kwanza, yanamwandaa mtu kwa mambo ambayo bado hana picha yake. Kijana hawezi kuuliza swali zuri kuhusu mnasihi kabla hajakaa na mmoja. Kuyagawanya ni bora: sehemu kabla, simu fupi baada ya mkutano wa pili, mazungumzo mengine mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu sijauchagua ovyo. Ndio mstari ule wa Grossman na Rhodes.

Wanaopinga husema wazazi wana shughuli, hawatapokea simu nyingine. Wengine hawapokei, kweli. Lakini mzazi ambaye hapokei simu ya wiki ya tatu amekupa taarifa, na ni heri uwe nayo wiki ya tatu kuliko mwezi wa tano. Angalizo moja kuhusu orodha ya kusubiri: familia iliyoandaliwa leo ikapata mnasihi baada ya miezi minane haijaandaliwa. Rudia sehemu ya kijana angalau, maana miezi minane kwa mtu wa miaka 12 ni umri mwingine.

Karatasi au mdomo

Karatasi inashinda kwa mambo machache tu: watakutana mara ngapi na kwa muda gani, nani anampigia nani akichelewa, nini kuhusu zawadi na fedha, picha na mitandao, na nani wa kupigiwa mambo yakiharibika. Ukurasa mmoja, lugha ya nyumbani, nakala ibaki kwa familia. Zaidi ya hapo karatasi inageuka ngao ya shirika, na familia inalijua hilo. Hofu, matumaini na wivu havina kisanduku cha kuweka tiki.

Nani aongoze

Mratibu anajua kanuni. Kijana aliyewahi kupitia programu anajua jinsi inavyokuwa kukaa na mtu mzima msiyezoeana. Kijana mgeni atamwamini wa pili. Mtumie kwa sehemu ya "inakuwaje", si kwa sehemu ya usalama wala ya siri, na usimpange yule mwenye hadithi nzuri kupita kiasi. Aliyebadilishiwa mnasihi mara moja ikamfaa ana la kusema zaidi. Kwa wazazi vivyo hivyo: mzazi aliyepitia akisema "mwanzoni nilimwonea wivu" anafanya kazi ambayo mratibu angeifanya kwa saa nzima asiimalize.

Ukiwa na uwezo mdogo, uchague nini

Mratibu mmoja na vijana wengi: vikundi vya familia tano au sita, kijana aliyepitia akiwa msaidizi, wazazi na vijana wakitenganishwa kwa nusu ya muda, kisha simu wiki ya tatu. Acha semina kubwa iwe sherehe ya kufungulia mwaka, bila kuihesabu kama maandalizi.

Familia zilizotawanyika mbali: simu mbili, moja kwa mzazi, moja kwa kijana, siku tofauti ikiwezekana, kisha mkutano wa ana kwa ana siku ya kuunganishwa wakiwepo wote wanne: kijana, mzazi, mnasihi na mratibu.

Vijana wachache wenye historia nzito: ziara, na zaidi ya moja. Usikubali shinikizo la kuongeza idadi. Mfadhili anapenda kuona idadi kubwa kwenye ripoti. Hatakuwepo siku uhusiano ukikatika.

Programu ambayo haina hata hicho, yenye watu wa kujitolea na Jumamosi moja: tumia Jumamosi hiyo kuzungumza na wazazi kando, uwaache vijana na wenzao waliopitia. Mafunzo ya mnasihi yanaweza kusomwa nyumbani. Wivu wa mzazi hauwezi.

Kuandaa mwisho

Viwango vya shirika la MENTOR la Marekani, vinavyotumiwa na programu nyingi kama kipimo, vinahesabu kufunga uhusiano kuwa hatua kamili yenye taratibu zake, sawa na kuchunguza wanasihi, kuwafunza na kuwaunganisha. Hata hivyo, maandalizi mengi hayataji neno "mwisho" kabisa, kwa kuona kwamba ni mkosi kulizungumza siku ya kwanza. Linganisha njia mbili. Katika ya kwanza kijana haambiwi, na mwaka ukiisha anaona mtu ameacha kuja. Anahitimisha kwamba kosa ni lake. Katika ya pili anaambiwa mapema kwamba uhusiano huu una muda wa mwaka mmoja, au mwaka wa shule, kwamba unaweza kurefushwa iwapo wote wanataka, na kwamba ukiisha kutakuwa na mkutano wa kuagana ambao mnasihi amekubali kuhudhuria hata kama mambo hayakwenda vizuri.

Njia ya pili haina gharama yoyote ya ziada. Inahitaji mambo matatu tu siku ya maandalizi: tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye ule ukurasa mmoja, jina la mtu ambaye kijana atampigia baada ya tarehe hiyo, na jibu la mzazi kwa swali hili, likiulizwa kijana akiwepo: mnasihi akiondoka mapema, nani nyumbani atamwambia mtoto, na atamwambia nini?